Jicho linalopima: kutoka bawa la ndege hadi vilima vya Masisi



Sisi wa Masisi na Walikale tunazoea kuongea madini kama kitu kinachotoka tu. Kinachimbwa, kinafungwa kwenye mifuko, kinapanda lori, kwisha. Leo nataka tukifuate kidogo hadi kule kinakofika.

Koltan ya Rubaya inatoa tantali, na inakadiriwa kwamba machimbo yale peke yake yanatoa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tantali inaingia katika vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na vyombo vya elektroniki. Inachanganywa pia katika metali za injini za ndege, zile zinazovumilia moto mkali. Kasiterite ya Bisie, huko Walikale, inatoa bati la kulehemu vipande hivyo. Kwa hiyo ndege inapojaribiwa Ulaya ao Marekani, na kamera inapoitazama, inawezekana udongo wetu uko pande zote mbili: ndani ya kinachopimwa na ndani ya kinachopima.

Swali langu ni la historia: hiyo kamera ilijifunza wapi kupima? Kama agronome, jibu lilinifurahisha. Haikuanza angani. Ilianza chini, kwenye majengo na mashamba.

Mwaka 1858, kijana mmoja wa Ujerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa anapima kanisa kubwa la Wetzlar. Alikuwa juu, na nusura aanguke. Hapo akawaza: kwa nini nihatarishe maisha kupima ukuta kwa mkono, wakati ninaweza kupima picha yake? Miaka hiyo hiyo, huko Ufaransa, afisa wa jeshi Aimé Laussedat alikuwa anachora ramani kwa kutumia picha. Kanuni yao ni ile ile tuliyofundishwa kwenye kozi ya topografi. Tazama kitu kimoja kutoka vituo viwili ambavyo umbali wa katikati yavyo unajulikana. Chora mstari kutoka kila kituo. Pale mistari inapokutana, njo kitu kilipo. Picha inafanya kazi hiyo kwa maelfu ya alama mara moja, na inaitunza, unaweza kuirudilia hata miaka kumi baadaye.

Kutoka ukutani, kanuni hiyo ikaingia vitani. Huko Peenemünde, kwenye pwani ya Baltiki, Wajerumani waliojaribu roketi za V-2 walitumia kinoteodoliti, yaani teodoliti yenye kamera ya filamu ndani. Kila picha ilibeba pia pembe ya chombo. Vituo kadhaa vikifuata roketi moja, wahandisi walisoma baadaye ilikuwa wapi kila wakati na ilianza kuyumba saa ngapi. Tusifiche kwamba ilikuwa silaha, na kwamba wafungwa waliokufa kwa maelfu ndio waliolazimishwa kuzitengeneza.

Mmoja wa waliosimamia majaribio yale, Kurt Debus, akaja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Kennedy Space Center huko Marekani. Baadaye akaongoza baraza la kampuni ya OTRAG, iliyoanzishwa na Lutz Kayser mwaka 1975 katika Ujerumani Magharibi. Na hapo, wapendwa, historia inaingia nyumbani kwetu. Mobutu aliipatia OTRAG eneo la kilomita za mraba karibu 100,000 huko Shaba, yaani Katanga. Hilo ni kubwa kuliko Kivu ya Kaskazini nzima. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, ya pili tarehe 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Ikainama, ikaanguka bondeni mwa mto Luvua. Mwaka 1979 kampuni ikaondolewa, ikaelekea Libya.

Filamu za siku ile bado zipo. Kwa wakaaji wa pale ilikuwa moshi na kelele. Kwa mhandisi, filamu ile ile ni kipimo: roketi ilianza kuacha njia sekunde gani, kwa pembe gani. Ila wenye kuisoma hivyo walikuwa wageni, na walipofunga mizigo waliondoka nayo.

Kazi haikuishia kujua roketi iko wapi. Walitaka kuona metali yenyewe inavyojikunja. Zamani walibandika vipimo vidogo vya umeme juu ya bawa, kila kimoja na waya wake, na kila kimoja kinasoma pale kilipo tu. Ufa ukianzia pembeni kidogo, hakina habari. Mwaka 1982, Peters na Ranson wa University of South Carolina walitoa njia nyingine. Unapaka kitu rangi nyeupe, unanyunyizia madoa meusi ovyo ovyo, bila mpangilio. Kila kipande kidogo kinapata sura yake, kama alama ya kidole. Kompyuta inatafuta kipande kile kile kwenye picha ya kabla na ya baada, inakuambia kimesogea wapi, hata kama ni chini ya nukta moja ya picha. Kamera mbili zikitazama pamoja, unajua pia kama kimesogea mbele ao nyuma. Mwezi wa tatu 2011, huko Huntsville, NASA walikandamiza silinda ya metali yenye upana wa zaidi ya mita 8, imejaa madoa, hadi ikakunjika. Waliivunja chini kwa makusudi ili wajue ya juu itavumilia kiasi gani.

Lakini kamera peke yake haiokoi mtu. Tarehe 16 Januari 2003, chombo cha Columbia kiliporuka, sekunde kama 82 baadaye kipande cha povu kiligonga bawa lake la kushoto. Kamera ziliona. Ila moja iliyokaa mahali pazuri ilitoa picha yenye ukungu, na nyingine hazikutosha kuonyesha ukubwa wa kidonda. Tarehe 1 Februari chombo kikasambaratika kikirudi, watu 7 wakafa. Tume ya uchunguzi ikadai kila mruko uonekane vizuri kutoka pande tatu kwa uchache.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2011, mtafiti wa Ubelgiji Benoît Smets na wenzake walitumia kamera mbili kwenye ukingo wa Nyiragongo, mlima tunaouona usiku ukiwaka. Zilipiga picha pamoja, tena na tena, na kutoka kwazo wakapima namna ziwa la lava lilivyokuwa linapanda na kushuka. Ni jicho lile lile la Wetzlar na la Huntsville, vituo viwili na saa moja, na safari hii lilikuwa ng'ambo tu ya Masisi.

Kumbe chombo si kigeni tena. Kigeni ni tabia ya kupima kabla.

Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, jirani zetu wa kusini, mafuriko na udongo vilifunika Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Picha tulizipata nyingi, zote za baada. Na vilima vya Katoyi ao vya Osso, vilivyokatwa miti na kulimwa hadi kileleni, vinafanana sana na vile. Mara nyingi mteremko unatoa ufa kabla ya kushuka. Mkulima anauona anapokwenda kupalilia maharagwe, anauruka, anaendelea.

Hesabu ni rahisi. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa upana, ikishika mteremko wa mita 40, kila nukta ni sentimita 1. Kilima kikisogea sentimita 5, ni nukta 5, unaziona kwa macho. Masharti ni haya. Simama mahali pale pale, kwenye udongo imara, juu ya jiwe ulilolitia alama. Weka vijiti vya jalo vyenye rangi, maana majani yanakua na yatakudanganya. Kijiti kimoja kiwe nje ya sehemu inayosogea, ili uwe na cha kulinganishia. Piga pia kutoka kituo cha pili, kwa sababu kamera moja haioni vizuri kinachokuja upande wake. Andika tarehe. Na kwenye ufa wenyewe, vijiti viwili na mita ya fundi vinatosha kabisa, picha inakuwa shahidi.

Ninajua kinachozuia. Kwetu kutoa simu na kuelekeza kilimani kunaweza kukuletea maswali mabaya, na kuna vilima ambavyo hakuna hata mmoja wetu anaweza kuvifikia leo. Kwa hiyo tusiende peke yetu. Twende na chifu wa kijiji, tueleze kazi mbele ya watu, daftari la vipimo libaki kijijini, si kwenye simu ya mgeni. Na ufa ukipanuka wakati wa mvua, kazi ya kupima imekwisha: watu walale kwingine.

Tuko agronome wengi katika chama hiki, na wengi hatuna kazi ya kudumu. Kilima kimoja kwa kila mtu, pale kwao, kabla ya mvua za Septemba. Nani anaanza na mimi?