Barua pepe ya Salzburg: jinsi Kenya ilivyopoteza jezi ya njano

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na sababu ni kazi. Mteja mmoja alituita kwa kuwa rekodi zake zilikuwa zimevurugika na hakuna aliyejua nani kazivuruga. Tulipofungua kumbukumbu za mfumo tukakuta watu 9 wanaingia kwa jina moja na neno la siri moja. Jina lilikuwa la bosi! Nikauliza kwa nini. Mhasibu akanijibu bila kuona haya: "Ukiomba akaunti yako mwenyewe unangoja miezi. Ya bosi iko tayari."

Jibu hilo limenirudisha kwenye kisa cha baiskeli ambacho nimetaka kukiandika muda mrefu. Najua hapa huwa tunaongea programu. Leo nivumilieni, mtaona tumefikaje.

Mwaka 2006 kijana wa miaka 21, mzaliwa wa Nairobi, alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya baiskeli ya vijana wa chini ya miaka 23 mjini Salzburg, Austria. Miguu alikuwa nayo. Machi mwaka huo, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne, aliivaa jezi ya Kenya akawa wa 17 katika mbio za mtu mmoja dhidi ya saa, na wakuu wa timu ya Uingereza wakaanza kuuliza huyu ni nani. Lakini mashindano ya dunia hayapokei mtu anayejiombea nafasi. Ombi linatoka kwenye chama cha baiskeli cha nchi. Kijana yule akaona akingoja chama, atangoja sana. Basi akaingia kwenye barua pepe ya mkuu wa chama cha baiskeli cha Kenya, akajifanya ndiye mkuu, akajiandikisha mwenyewe.

Akafika Salzburg peke yake. Kwenye kikao cha mameneja wa timu, meneja wa Kenya alikuwa ni yeye. Siku ya mbio akashuka jukwaa la kuanzia na kabla hajafika mbali akamgonga mwamuzi, wote wawili chini! Akainuka, akaendelea.

Jina lake Chris Froome. Miaka 7 baadaye, tarehe 21 Julai 2013, alisimama Paris akiwa mshindi wa Tour de France ya 100. Kando ya jina lake kwenye orodha ya matokeo kulikuwa na herufi tatu: GBR. Uingereza. Kisa chenyewe kakisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 2014, kwa hiyo simsingizii.

Watu wengi hukisimulia kama kichekesho. Mimi kama mtu wa mifumo sicheki sana. Mtumiaji halali akilazimika kupita dirishani, kagua mlango kwanza kabla hujamlaumu mtumiaji.

Tuanze na mbio zenyewe, kwa sababu wengi wetu tumezoea riadha. Mbio za marathoni zinaanza asubuhi na kuisha kabla ya chakula cha mchana. Mbio za hatua ni jambo lingine. Unakimbia leo, unalala, unakimbia kesho, na muda wako unajumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi, hata kama hakuongoza mstarini siku nyingi.

Ya kwanza kubwa ni Tour de France yenyewe, mwaka 1903. Haikubuniwa na wanamichezo bali na gazeti lililotaka wasomaji. Gazeti lilikuwa L'Auto, mhariri wake Henri Desgrange, na wazo lilitoka kwa mwandishi wake kijana, Géo Lefèvre. Hatua zilikuwa 6 tu, lakini jumla ilikuwa kilomita 2,428, na baadhi ya hatua ziliendeshwa usiku kucha. Walianza watu 60, wakamaliza 21. Mshindi Maurice Garin alimwacha wa pili kwa karibu saa 3.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha waandika programu wenzangu. Mwaka 1904 udanganyifu ulizidi hadi mshindi na wenzake kadhaa wakafutwa. Kuanzia 1905 Desgrange akabadilisha hesabu: badala ya muda akatumia pointi kulingana na nafasi ya mtu kila siku. Kwa hesabu hiyo, ukishindwa kwa sekunde moja au kwa saa nzima, adhabu ni ile ile mradi nafasi ni ile ile. Ilidumu hadi 1912. Mwaka 1913 wakarudi kwenye muda, na mpaka leo ndivyo mshindi mkuu anavyopatikana.

Kwa nini naliona kubwa? Kwa sababu hesabu ya muda haisahau. Dakika uliyopoteza siku ya tatu kwa kupasukiwa gurudumu bado iko siku ya ishirini na moja. Hakuna anayeifuta. Unaweza kuilipa tu, kidogo kidogo, ukiwa na nguvu na ukiwa na watu.

Watu, ndiyo. Kwenye Tour ya 2013 zilikuwepo timu 22, kila moja na waendeshaji 9. Anayejificha nyuma ya mwenzake hukwepa upepo na huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Kwa hiyo nyota wa timu hukingwa na wenzake siku nzima, huletewa maji, na akiharibikiwa hupewa hata gurudumu la mwenzake. Nyuma yao wapo mafundi, madaktari, wapishi, madereva. Na nyuma ya hao wote zipo karatasi: leseni, usajili, viza, kalenda. Miguu ikiwa dhaifu utashindwa mlimani. Karatasi ikikosekana hutafika hata kwenye mstari wa kuanzia.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya kuwa na timu ya kumkinga upepo, Froome alikuwa na mtu mmoja: David Kinjah, wa kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu. Kinjah mwenyewe aliwahi kusajiliwa na timu ya Italia mwaka 2002, jambo ambalo karibu halijasikika kwa Mwafrika mweusi wakati ule. Nyumba yake ya mabati ilikuwa shule, karakana na bweni la vijana wa baiskeli, kikundi kinachojulikana kama Safari Simbaz. Mama yake Froome alimpeleka mwanawe huko akiwa mtoto, na vilima vya Kikuyu vikamfundisha kilichobaki.

Sisi wa Kibera tuna ujirani wa ajabu na kisa hiki. Reli ile ile inayopita katikati ya mitaa yetu, ile tunayoivuka tukienda sokoni, ndiyo inayoendelea Dagoretti mpaka Kikuyu. Mimi ni wa Soweto West. Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na habari za Tour nilizisikia kwa redio kwenye kibanda cha fundi baiskeli, katikati ya vyuma na harufu ya gundi ya viraka. Siku ile ubishi ulikuwa mkali. Mmoja akasema huyo ni Mkenya, kazaliwa hapa. Mwingine akasema Mkenya gani, huyo ni mzungu, na bendera umeiona. Fundi alikuwa anakaza spoki za blakmamba ya mchuuzi wa mkate. Akasema bila kuinua kichwa: "Aliyemfundisha anakaa Kikuyu. Mkitaka kumkana Froome, mkaneni na Kinjah."

Wakanyamaza. Mimi pia. Lakini miaka yote hii nimeona hata fundi aligusa upande mmoja tu. Swali la Froome ni nani lina majibu mengi: alizaliwa Nairobi kwa wazazi wenye asili ya Uingereza, akasoma Afrika Kusini, pasipoti ya Uingereza alikuwa nayo. Swali linaloniuma ni la mfumo: kwa nini herufi KEN hazikudumu?

Jibu liko kwenye tarehe. Mwaka 2006, Melbourne na Salzburg, alikuwa KEN. Mwaka 2007 alipata timu ya kulipwa, Konica Minolta ya Afrika Kusini, bado KEN. Mei 2008 akabadilisha leseni, akawa GBR, na Julai mwaka huo akaanza Tour de France yake ya kwanza na timu ya Barloworld. Mlango mmoja ulifunguliwa kwa barua pepe ya kuazima, mwingine ulikuwa wazi na taa inawaka. Ungekuwa wewe, ungepita wapi?

Akashinda Tour mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016 kwenye mlima Ventoux pikipiki zilizibwa na umati, akaanguka, baiskeli ikavunjika, akaanza kupanda mlima kwa miguu mbio! Mimi niliposoma habari ile nilicheka peke yangu. Bendera walibadilisha, lakini Mkenya akipoteza baiskeli anakimbia tu.

Mtu ataniambia: baiskeli ni mchezo wa matajiri, sisi tuna riadha, tuache. Huyo namwelekeza kwa majirani. Eritrea walikuwa na mbio zao za hatua tangu 1946, na mwaka 2024 Biniam Girmay alishinda hatua 3 za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Hayo ni matunda ya mti uliopandwa zamani sana.

Au tuende Rwanda, nchi ya vilima kuliko sisi na ndogo kuliko sisi. Tour du Rwanda ilianza 1988. Mwaka 2009 ikaingia kwenye kalenda ya shirikisho la baiskeli duniani, UCI. Na matokeo? Mwaka wa kwanza alishinda Mmoroko, wa pili Mwitrea, wa tatu Mmarekani, wa nne na wa tano Waafrika Kusini. Miaka mitano wenyeji wanaandaa karamu, wageni wanakula! Mtu wa haraka angesema mradi umekufa. Mwaka 2014 akashinda Valens Ndayisenga, Mnyarwanda. Tangu hapo hadi 2018 walishinda Wanyarwanda watupu, miaka mitano mfululizo. Na Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Yale yale ambayo miaka 19 kabla kijana wa Nairobi aliyaendea Salzburg kwa barua pepe isiyo yake.

Rwanda hawakungoja kwanza wapate bingwa. Walijenga mlango, wakauacha wazi kila mwaka, bingwa akapita.

Na kupitia mlango huo huo walipita Wakenya. Mwaka 2017 Suleiman Kangangi alimaliza wa tatu kwa jumla katika Tour du Rwanda, KEN kando ya jina lake, akiwa na timu ya Kijerumani ya Bike Aid. Baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyoundwa ili vijana wa Afrika Mashariki wapate mbio bila kuhama kwao kwanza. Kuanzia 2021 kukawa na mbio za hatua nne kwenye barabara za vumbi za Maasai Mara, Migration Gravel Race, ambamo wazungu ndio waliopanda ndege kuja kushindana na vijana wetu. Tarehe 27 Agosti 2022 Kangangi alianguka katika mbio huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Nimemwandika hapa kwa makusudi, kwa sababu tukimtaja Froome peke yake tunaonekana kana kwamba baada yake hakuna aliyepanda baiskeli Kenya. Walipanda. Wengine walilipa kwa uhai.

Basi hesabu yetu ndiyo hii. Mbio za hatua hujumlisha kila kitu, na nchi pia iko kwenye mbio za hatua. Dakika tulizopoteza 2006 bado ziko kwenye jumla. Kulalamika kwamba Uingereza walituibia hakupunguzi hata sekunde. Kinachopunguza ni kijana mwingine kupewa leseni yake kwa jina lake, kwa mlango wa mbele, akiwa bado mtoto wa Kikuyu, Eldoret au Kibera na si baada ya kuwa bingwa.

Yule mteja wangu mnataka kujua yaliishaje? Meneja alitaka tubadilishe neno la siri la bosi na kuwaandikia wafanyakazi barua za onyo. Nikamwomba tufanye jambo moja kwanza. Tukawafungulia wote 9 akaunti zao, kila mtu na jina lake na ruhusa zake. Ilichukua mchana mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyetumia akaunti ya bosi, na barua za onyo hazikuandikwa.

Jumamosi nilipita kwa yule fundi. Bado yupo, kibanda ni kile kile, nywele zimeingia mvi. Kulikuwa na kijana wa miaka kama 14 amechuchumaa anasubiri baiskeli yake, fremu ya zamani ya mbio yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, sijui kaitoa wapi. Akamuuliza fundi kama ni kweli kuna mbio ambazo mtu anaendesha wiki tatu. Fundi akaninyooshea spana: "Muulize huyu, ndiye mtu wa kompyuta."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na kujiandikisha ni wapi?"

Nimemwahidi nitamtafutia jibu. Wiki ijayo narudi kwenye programu, tukijaliwa.