Wiski ya magendo mezani kwa mfalme

Agosti 1822 Mfalme George wa Nne wa Uingereza aliteremka bandarini Leith, jirani na Edinburgh. Tangu katikati ya karne ya 17 hakuna mfalme aliyekuwa amekanyaga Uskoti, kwa hiyo wakubwa wa nchi walikuwa wakihangaika kumfurahisha. Mgeni mwenyewe, mnene na mpenda anasa, alikuwa na haja moja iliyowatoa jasho maofisa wake: alitaka wiski ya Glenlivet, na si nyingine.

Kasoro ni kwamba bonde la Glenlivet wakati huo halikuwa na mtambo hata mmoja wenye leseni. Kila tone lililotoka huko lilikuwa la magendo.

Ilipatikana. Elizabeth Grant wa Rothiemurchus anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba baba yake, mwanasheria na mbunge, aliagiza akiba ya nyumbani ifunguliwe ipelekwe kasri la Holyrood, pamoja na ndege wa kuwindwa. Binti alisikitika kuiona ikiondoka. Lakini miaka michache baadaye baba yake alipata ujaji nchini India, na Elizabeth anaeleza bila kuona haya kwamba zawadi ile ndiyo iliyofungua njia. Mbunge aliyetunga sheria, mfalme aliyezitia sahihi, wote wawili wateja wa walanguzi!

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, ila ndani yake kuna jambo zito. Elizabeth anaeleza pia kwa nini wiski ile ilikuwa nzuri: ilikaa muda mrefu katika mti, ikawa laini, na ilikuwa na ile ladha halisi ya magendo. Hayo ni maneno ya mwonjaji, tena mwonjaji hodari. Sifa alizozitaja ndizo zinazowafanya watu leo watoe fedha nyingi kwa chupa moja. Wauzaji hupenda kutuambia kwamba sifa hizo zilitokana na hekima ya mababu na maji safi ya milimani. Ukifuatilia historia, utakutana zaidi na mtoza ushuru.

Kinywaji chenyewe ni cha zamani. Hesabu za hazina ya Mfalme James wa Nne, za mwaka 1494, zinaonyesha mtawa aitwaye John Cor akipewa kimea cha kutengenezea kinywaji kikali, na mwaka 1505 chama cha pamoja cha vinyozi na wapasuaji wa Edinburgh kilipewa haki ya peke yake ya kukitengeneza mjini humo. Ilikuwa dawa. Hakuna aliyekuwa akizungusha glasi na kuinusa.

Mambo yaligeuka serikali ilipoanza kutafuta fedha. Bunge la Uskoti lilitoza ushuru wa pombe kali mwaka 1644, na baada ya kuungana na Uingereza mwaka 1707 kodi ziliongezeka. Ile ya kimea ya mwaka 1725 ilizusha ghasia Glasgow. Kisha, mwishoni mwa karne ya 18, ikaja sheria iliyoharibu kila kitu katika nyanda za chini: mwenye mtambo alilipa kwa kadiri ya ukubwa wa chungu chake, bila kujali alipika mara ngapi. Wapishi wakapiga hesabu. Wakaunda vyungu vipana na vifupi, vyenye kuchemka upesi, wakavijaza na kuvimaliza usiku na mchana. Pombe ikichemshwa kwa pupa, kila uchafu hupanda na mvuke. Tena, ili kukwepa kodi ya kimea, walichanganya nafaka mbichi. Kilichotoka kilichoma koo, na sehemu kubwa ilisafirishwa kwenda Uingereza kugeuzwa jini.

Mlanguzi wa milimani hakuwa na sababu ya kuharakisha. Hakulipa chochote. Chungu chake cha shaba kilikuwa kidogo, moto wake wa polepole, na alitumia kimea kitupu cha shayiri. Pale ambapo kuni zilikuwa adimu, kama katika kisiwa cha Islay, alikausha kimea hicho kwa moto wa mboji, yaani udongo wa kinamasi uliojengwa na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, unaokatwa vipande na kuanikwa hadi uwake. Moshi wake huingia kwenye punje na hautoki tena. Leo kuna watu wanaovuka bahari kwenda Islay kuufuata moshi huo, ambao kwa wenyeji ulikuwa ni suala la kukosa kuni tu.

Mwaka 1823, baada ya Duke wa Gordon kusimama bungeni na kutetea masharti nafuu, sheria ililegezwa: leseni ya pauni 10 kwa mwaka, na ushuru wa wastani kwa kila galoni. Mpangaji wake mmoja, George Smith, aliyekuwa akipika kwa siri kama majirani, akakata leseni mwaka 1824, wa kwanza katika bonde la Glenlivet. Majirani walimwona msaliti na wakaapa kumchomea mtambo. Bwana mmoja wa Aberlour alimpa bastola mbili, akawa anatembea nazo. Wasomaji wa Kenya, walioona chang'aa ikipigwa marufuku mwaka 1980 kisha ikahalalishwa mwaka 2010, watauelewa mwendo huo bila kufafanuliwa. Baadaye jina la Glenlivet lilipata sifa hata wenye mitambo wa mbali wakajipachika, na mwaka 1884 ikabidi familia ya Smith ifikie makubaliano ya kisheria kulilinda.

Sheria mpya ilileta pia sanduku ambalo mgeni wa kiwanda chochote cha Uskoti huoneshwa hadi leo. Ni la shaba ya manjano, lina vioo mbele, na limefungwa kufuli. Kinywaji kinachotoka kwenye mtambo hupita humo kwanza. Mpishi anakiona kikitiririka, anaweza kupima nguvu yake kwa kipimo kilicho ndani, anageuza bomba kwa mpini ulio nje, lakini hawezi kukigusa wala kukionja. Matone ya mwanzo, makali na yasiyo safi, huyageuzia upande. Ya katikati huyapokea. Ya mwisho, mazito yenye harufu nzito, huyarudisha yakapikwe tena. Hapo ndipo tabia ya wiski inapoamuliwa, na mwamuzi anatumia macho tu. Ufunguo ulikaa kwa ofisa wa ushuru aliyeishi kiwandani, hadi miaka ya 1980.

Hata mtambo uliobadilisha biashara nzima ulitoka mikononi mwa mtu wa idara hiyohiyo. Aeneas Coffey, aliyewahi kuwa mkuu wa ushuru mjini Dublin, alipata hataza mwaka 1830 ya mnara unaopika mfululizo bila kusimama, kwa nafaka yoyote, kwa gharama ndogo. Wiski yake ilikuwa nyepesi, karibu haina ladha. Andrew Usher wa Edinburgh, ambaye familia yake iliuza wiski ya Smith, alikuwa ameanza kuchanganya wiski za kimea mwaka 1853. Sheria ya 1860 iliporuhusu kuchanganya kimea na nafaka ndani ya maghala ya forodha kabla ya kulipa ushuru, njia ikawa wazi. Wadudu wa mizabibu walipoangamiza mashamba ya Ufaransa na brandi ikaadimika, wanywaji wa London waligeukia mchanganyiko wa Uskoti. Utajiri wa Usher ulijenga ukumbi wa muziki wa Usher Hall, uliofunguliwa Edinburgh mwaka 1914.

Na ule uzee tunaoutukuza? Ni amri ya wakati wa vita. Mwaka 1915 waziri wa Uingereza David Lloyd George, asiyependa ulevi na aliyeamini pombe inadhoofisha viwanda vya silaha, alikubali kuacha kuipiga marufuku kwa sharti kwamba wiski ikae ghalani angalau miaka 2. Mwaka uliofuata ikawa 3. Mapipa nayo yalichaguliwa zaidi kwa bei kuliko kwa ladha: yaliletwa Uingereza yakiwa na mvinyo wa sheri, yakabaki matupu. Siku hizi mengi hutoka Marekani, ambako sheria inalazimisha wiski ya bourbon kuwekwa katika pipa jipya, hivyo la zamani huuzwa.

Wiski ya kiwanda kimoja ilibaki jambo la wenyeji hadi mwaka 1963, Glenfiddich walipoanza kuitangaza ng'ambo. Mwaka 1989 mwandishi Michael Jackson, Mwingereza wa Yorkshire asiye na uhusiano na mwanamuziki, alitoa kitabu kinachozipa wiski alama, na tangu hapo kila mnywaji akawa hakimu. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, iliyoenea katika kumbi za kuonja, iliingia sokoni mwaka 2001 tu.

Kwa anayetaka kuonja, si kulewa, kazi kubwa ni ya pua. Nusa midomo ikiwa wazi kidogo, usizamishe pua. Kisha ongeza maji matone machache. Wataalamu wa kuchanganya huongeza mengi zaidi ya hayo, wakaishusha hadi nusu ya nguvu ya kawaida, ili harufu zifunguke. Usihangaike kutafuta maua ya porini ya Uskoti ambayo hujawahi kuyanusa. Taja unachokijua: zabibu kavu, karafuu, tende, asali, samaki wa moshi. Hakuna jibu sahihi, ingawa wauzaji wangependa tuamini lipo.

Na ukinunua, soma lebo. Idadi ya miaka iliyoandikwa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na umri huo huhesabiwa ndani ya pipa tu. Chupa ya miaka 12 iliyosahaulika kabatini tangu 1990 bado ni ya miaka 12.