Mchukuzi Yupo, Mzigo Haujafika

"Fundi, mtandao unakatakata tena." Karani alinipigia simu akasema hivyo tu, na kabla sijapanda ngazi za jengo lao pale Kariakoo nilishajua nusu ya ugonjwa. Hakusema umekatika. Ukikatika, mtu anatafuta kebo iliyochomoka, basi. Hakusema unayumba, maana ukiyumba data inapita, ila kwa kusuasua. Unaokatakata unaondoka na kurudi, na huko kurudi ndiko kunakomtesa fundi: ukifika mlangoni unakuta umepona. Kitenzi kikirudiwa mara mbili kinatoa ripoti nzima.

Ghorofa ya nne kuna seva ya Linux inayotunza hesabu za duka la vitambaa. Ina kadi mbili za mtandao na kebo mbili, kila kebo na swichi yake, na mfumo unazitumia kama njia moja. Mafundi wenzangu wanaiita bondi. Neno hili silipendi, na si kwa kuwa ni la mkopo. Meza nayo ni ya mkopo na tunakula juu yake kila siku. Tatizo ni kwamba hapa mjini bondi ina kazi yake tayari. Ukiweka simu bondi, umeikopea fedha. Mwenye duka alipoambiwa kebo zake zimewekwa bondi, aliuliza kwa wasiwasi wa kweli zinadaiwa shilingi ngapi.

Mimi ninasema mapokezano. Kebo moja inabeba, nyingine inangoja. Ya kwanza ikishindwa, ya pili inaupokea mzigo. Upo mtindo mwingine ambao kebo zote hubeba kwa pamoja, na huo ningeuita ubia, kwa sababu unataka makubaliano: seva na swichi lazima zote zijue kwamba ni washirika. Nimekuta seva iliyowekwa kwenye ubia ilhali swichi haina habari. Kariakoo kila mfanyabiashara anajua ubia wa upande mmoja unaishia wapi, na ndiyo maana neno hilo linafundisha hata kabla ya maelezo.

Ila neno lililonishika siku ile lilikuwa jingine. Ukichomoa kebo kwenye Linux kisha ukaitazama hali ya kadi, skrini inaandika NO-CARRIER. Hakuna mchukuzi. Na hapa tuliposimama panaitwa Kariakoo kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Dar es Salaam ilipotekwa mwaka 1916, wapagazi waliwekwa hapa, kwenye jengo la soko lililojengwa na Wajerumani, na vinywa vya watu vikalifinyanga jina hadi likawa letu. Nairobi nako ipo Kariokor. Wapagazi wengi mno hawakurudi makwao. Maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Kwenye mnara wa Askari wa hapa Dar es Salaam, wa mwaka 1927, aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi ya chini. Kila nikiliona neno lile kwenye skrini ninamkumbuka yeye, na ninaamini mchukuzi ndilo neno letu halali kwa ishara inayobeba data.

Basi nikafungua faili la hali ya mapokezano. Wachukuzi wote wawili wapo, taa za kijani zinawaka, na hesabu ya kukatika ni sifuri. Karani anasema unakatakata, mashine inasema haujakatika hata mara moja.

Wote walikuwa wakweli. Kila baada ya milisekunde 100 seva ilikuwa ikiuliza swali moja: mchukuzi yupo? Na jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu kebo kutoka seva hadi swichi ya kwanza ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikikata ni kebo ya mbele zaidi, inayotoka kwenye swichi hiyo kwenda kwenye ruta. Nikaifuata kwa mkono ngazi hadi ngazi, nikaikuta ghorofa ya pili imelaliwa na majora ya vitenge. Yakipangwa, inabanwa, yakipunguzwa, inapumua.

Nikabadilisha swali. Sasa seva hutumia itifaki ya ARP: kila sekunde inamwita ruta kwa anwani yake na kusubiri aitike. Asipoitika, mzigo unahamia kebo ya pili, ambayo imepita ukuta mwingine. Majora yasingeweza kuondolewa kabla ya jioni, kwa hiyo nikakaa na faili langu.

Saa saba mchana wapagazi wakaleta shehena mpya, nikawasikia wakihimizana kwenye ngazi. Hesabu ya kukatika ikasoma 1. Baada ya muda mfupi, 2. Nikampigia karani kumuuliza hali.

"Mchana huu haujakata, fundi. Kwani umekata tena?"