Udongo Ndio Mwalimu

Mgeni anayeshuka daladala Kiseke kwa mara ya kwanza huona nyumba mpya na kuta za matofali, akadhani ameshauona mtaa. Bado! Apande kidogo kuelekea kwenye majabali. Huko atakuta vijia vya kichanga vilivyochimbwa na mvua, na juu yake alama nyembamba za magurudumu. Si za baiskeli, wala si za pikipiki. Ni njia za malori ya mikebe, yanayosukumwa na watoto kwa mti mrefu wenye usukani wa waya.

Kwenye vijia hivyo ndipo gari la mjomba wangu lilipoaibika. Alilinunua Dar es Salaam, mtumba lakini zima: lori dogo la umeme, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, linaloendeshwa kwa rimoti na kuvuta kwa magurudumu yote manne. Fowili kamili. Jumapili moja tukalishindanisha na malori mawili ya mikebe, kutoka jabali la juu hadi mwembeni. Kwenye tambarare lilitimua vumbi, wenzake hata hawaonekani. Lakini kufika kwenye mfereji wa kwanza likarukaruka kama mbuzi, likalala ubavu. Tukaliinua. Mbele kidogo gurudumu moja likaning'inia juu ya jiwe, likawa linazunguka hewani, na gari zima likasimama palepale huku mota ikinuka. Malori ya mikebe yakapita taratibu. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

"Njia mbovu," akasema mjomba. Nami nikamuunga mkono. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za magari ya mbio, nikagundua kumbe aibu ile ina historia ndefu katika Afrika Mashariki.

Turudi nyuma basi. Mwaka 1953, katika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na watu wakazoea kusema Safari Rali. Hapakuwa na uwanja maalumu. Njia zilikuwa barabara zetu hizihizi: vumbi la kuziba pumzi, mawe, na masika yakianza, tope la kumeza ekseli. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena!

Sasa tazama jambo hili. Toka 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Walikuja mabingwa wa Ulaya, wakaja na magari ya viwandani na mafundi kibao, wakashindwa na wakazi wa hapa. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, kijana aliyeuzoea ufundi katika gereji ya baba yake, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo kuukuu, lililokwisha kutumiwa na kiwanda katika Safari ya mwaka uliotangulia. Mtumba! Joginder alishinda tena 1974 na 1976. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini, mwaka 1972, na mwaka uliofuata ushindi ukarudi nyumbani kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye hatimaye alishinda mara tano.

Lakini tusidanganyane. Ninaposema wakazi wa hapa, enzi zile aliyeshika usukani alikuwa Mzungu au Mhindi mwenye uwezo wa kununua gari. Mwafrika wa kijijini alikuwa yule anayeitwa gari likinasa. Alikuja na wenzake, wakaingia topeni mpaka magotini, wakasukuma, gari likaondoka na kuwarushia tope usoni. Huyo ndiye aliyejua wapi tope lina kina na wapi chini kuna mwamba. Vitabu vya rali vimeandika jina la dereva, la msoma ramani na la gari. La huyo wa kusukuma halimo. Ilichukua miaka mingi mpaka tukasikia jina kama la Patrick Njiru wa Kenya, aliyeendesha Subaru katika miaka ya 1990.

Haya, tuje kwenye fowili yenyewe. Mwaka 1980 Wajerumani wa Audi walitoa Quattro, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, likazitikisa rali za Ulaya kwenye theluji na changarawe. Ungedhani Safari nayo imekwisha. Wapi! Mwaka 1983 alishinda Ari Vatanen kwa Opel inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, Quattro mbili zikamfuata nyuma. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica, nayo ya kusukumwa nyuma. Mpaka 1987 ndipo Mikkola yuleyule akaja na Audi 200 Quattro, gari refu lenye sura ya gari la mkurugenzi wa shirika, na fowili ikashinda Safari kwa mara ya kwanza.

Kwa nini ilichelewa hivyo? Fowili inaongeza shafti, inaongeza difu, inaongeza uzito. Kila kilichoongezwa ni kitu kingine cha kuvunjika, na Safari ilikuwa maelfu ya kilomita. Nguvu ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichohitaji muda ni kuipatanisha nguvu hiyo na udongo.

Magari madogo nayo yana historia yake. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio, bila waya. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ikatoa gari lake la kwanza la redio, Porsche ya kukimbia kwenye lami. Mwaka 1979 ikatoa Rough Rider, la kukimbia mchangani. Mwaka 1985 ikaja Hotshot, fowili, na mwaka huohuo, huko Del Mar, California, yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya magari hayo ya mchangani, fowili zikiwa na kundi lao. Mwaka 1987, mwaka uleule wa Mikkola, likaja lori la Clod Buster: mota mbili, kila ekseli na yake, magurudumu ya mbele na ya nyuma yote yakikata kona.

Na kwetu je? Miaka ya mwanzo ya 1980 sukari na sabuni vilipangiwa foleni. Nani angeuliza bei ya gari la redio? Watoto wakajiundia. Mkebe wa mafuta ya kupikia ukawa bodi, ndala zilizokwisha zikawa matairi, spoku ya baiskeli ikawa ekseli, vipande vya tyubu vikawa springi. Mti mrefu ukawa rimoti isiyotaka betri. Hakuna mwaka ulioandikwa, hakuna jina la mbunifu. Lakini ufundi ule ulipokewa mkono kwa mkono mpaka ukafika kwa wale waliotucheka Kiseke.

Mmoja wao, mwenye umri kama miaka kumi na miwili, alitufuata tulipokuwa tunalifuta gari vumbi. Wiki ile alikuwa amechapwa nyumbani kwa kukata ndala ambayo bado ilikuwa nzima.

"Shikamoo mjomba," akamwambia mjomba wangu. "Gari lenu limekakamaa. La kwangu linalegea."

Mjomba akaguna. Mimi nikachuchumaa kuangalia. Kijana akalikandamiza lori lake kwa kiganja: kila gurudumu lilishuka na kupanda peke yake, likifuata shimo na jiwe. La kwetu ulipolikandamiza lilikuwa gumu kama stuli. Lilitayarishwa kwa uwanja laini wa huko lilikotoka.

Tulikaa nalo Jumamosi mbili. Tukaweka springi laini, na kwenye shokapu tukatia oili nyepesi ili magurudumu yashuke upesi mashimoni. Difu tukazitia grisi nzito, maana difu nyepesi humpa nguvu yule asiye na kazi: gurudumu likiwa hewani ndilo linalozunguka, na lililokanyaga chini linalala. Pinioni ya mota tukaibadili tukaweka yenye meno machache. Mwendo ukapungua, lakini mota ikaacha kunuka na mlima ukapandika. Betri tukaisogeza chini kadiri ilivyowezekana, gari lisilale ubavu. Kila tulipobadili kitu, kijana alikimbia nalo sambamba, akirudi na habari: "Sasa hapa linashika. Pale bado linaruka."

Tukashindana tena. Tulikuwa wa pili! Lori lake la mkebe lilitupita kwenye mfereji wa mwisho, mahali ambapo yeye anajua jiwe limejificha chini ya kichanga. Lakini safari hii tulifika mwembeni kwa magurudumu yetu manne, na hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama kidogo, akamkabidhi rimoti. "Endesha wewe," akasema. "Wewe ndiye unayeijua njia."

Nimefungua daftari la mbio za Kiseke. Ukurasa wa kwanza nimeandika tarehe, aina ya udongo na springi tulizotumia. Kwenye mstari wa fundi limo jina la yule kijana, juu ya la mjomba na juu ya langu. Mama yake nilimwonyesha. Alilisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama nina ndala zozote zilizokwisha.