Merikani, Kanzu na Kabati la Mtoto

Katika miaka ya 1830, meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilikuwa zikishusha Unguja marobota ya kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani walikiita merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani. Kikitiwa nili kikawa cheusi cheusi, kiliitwa kaniki.

Nimeanza na merikani kwa sababu mtoto wa kaka yangu ana miaka 16 na hana nguo. Kabati limejaa, lakini hana nguo. Akivaa magauni anayoshonewa na mamake, anajiona kama ameazima mwili wa mtu. Akivaa mashati ya kaka yake, ni vivyo hivyo. “Shangazi,” aliniambia, “sitaki kufanana na msichana wala mvulana. Nataka kufanana na mimi.” Idi mbili zilipita amejifungia chumbani, na harusi ya dada yake ilikuwa imekaribia.

Mama yangu, nyanya yake, alikuwa na neno moja tu: nguo za kike na za kiume hazikuanza jana. Mimi nafundisha historia, nikaona hapo pana mazungumzo.

Zamani za utumwa, jambo la kwanza ambalo nguo ilitangaza hapa pwani lilikuwa kama mtu ni huru au ana bwana wake. Watumwa, wake kwa waume, walivaa merikani au kaniki ileile. Mwanamume aliifunga kiunoni, mwanamke akaifunga chini ya makwapa. Kofia, kilemba na viatu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907, watu walikimbilia nguo walizonyimwa. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliacha kaniki, wakanunua leso za maua, kisha wakavaa buibui. Buibui lenyewe, ambalo Mama huliona la tangu na tangu, lilikuwa nguo mpya ya watu waliotaka kuhesabiwa.

Nikamwonyesha Mama picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Amevaa vazi refu la juu, na chini yake suruali. Mama aliitazama sana. “Kumbe na mabinti wa kifalme,” akasema, akanirudishia simu.

Si kwamba historia humruhusu kila mtu avae apendavyo. Januari 1969 vijana wa TANU walianza Operesheni Vijana jijini Dar es Salaam, wakipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wasichana walisumbuliwa mabarabarani. Mtoto nilimsimulia hilo pia, kwa kuwa atapita njia zenye watu, na nilitaka ajue kwamba hasira anayoweza kukutana nayo ina umri kumzidi.

Tulikwenda Kongowea, kwenye mitumba, asubuhi marobota yanapofunguliwa. Sikumchagulia. Alishika vitambaa kwanza, akaangalia mabega na mifuko baadaye. Alitoka na mashati mawili ya pamba na suruali pana moja. Mtaa wa Biashara alinunua kikoi cha kuvaa nyumbani. Fundi cherehani alipunguza mabega, akauliza vifungo viwe upande wa kike au wa kiume. Mtoto akasema upande wowote utakaomwia fundi rahisi.

Kwa harusi, fundi huyohuyo alimshonea kanzu fupi ya rangi ya majivu na suruali yake. Akae upande wa wanawake au wa wanaume, hilo bado tulikuwa tukibishana siku yenyewe, na wifi yangu alikuwa amenuna. Mama alimwita mtoto karibu, akamkagua kuanzia juu mpaka chini. Kisha akamwambia kola imekaa vibaya, akaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, akamshika mkono wakatoka.