Unyayo, Mtalawanda na Shabu

Mashoga zetu, bi harusi akivua viatu chumbani asione haya. Masomo wetu wa zamani walilihimiza hilo, ila kazi yao ilikuwa nyepesi kuliko yetu.

Bibi zetu wa Unguja uani walivaa mtalawanda, kiatu cha mti chenye msuruaki wa kubana kati ya vidole. Nje, makubadhi ya ngozi. Unyayo ulipata upepo. Jasho lenyewe halinuki. Harufu huletwa na vijidudu vinavyolila, pamoja na ngozi iliyokufa, pale mguu ulipofungiwa.

Lakini si kila mwanamke alikuwa na kiatu. Watumwa hawakuruhusiwa kuvaa. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, kiatu kikawa alama ya uungwana, na waliokuwa pekupeku wakakitamani kweli kweli. Nani awalaumu? Viatu vya kufunga na soksi vilipoenea, mguu ukaanza kuchemka humo ndani, na joto letu hili.

Hapo ndipo shabu inapofaa. Iyeyushe kwenye maji, ulowekee miguu, hupunguza jasho. Chai ya rangi nzito iliyopoa nayo hufaa, dakika 20 kila usiku kwa wiki nzima kabla ya harusi. Ukishatawadha, kausha kati ya vidole ndipo uvae soksi (wengi wetu hatufanyi). Kiatu kipumzike siku moja. Vidole vikiwasha na kuchubuka, hiyo ni fangasi, nenda kwa daktari. Na udi usifukizie kiatu kibichi, utapata harufu mbili.