Kuoza kwa shina la mchai Kericho na Bomet

Kuoza kwa shina ni ugonjwa wa mchai unaosababishwa na kuvu iitwayo Hypoxylon serpens. Hushambulia mashina na matawi yaliyokomaa, wala si majani. Ndiyo maana mkulima wa Konoin au Litein huweza kuendelea kuchuma kwa miaka kadhaa ilhali kichaka kinakufa kwa ndani. Hasara yake si ya msimu mmoja. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katika miaka ya 1920, na mchai uliotunzwa hutoa majani kwa zaidi ya miaka 50.

Kuvu hii haina nguvu ya kupenya gome zima. Hungoja jeraha. Mvua ya mawe, ambayo Kericho inajulikana nayo duniani, hufungua majeraha mengi, lakini mlango mpana zaidi ni upogoaji, unaofanywa kila baada ya miaka 3 au 4. Kichaka kilichopogolewa hubaki uchi, na jua kali likichoma gome la matawi, sehemu iliyoungua hufa na kuvu hupata makao.

Hapo ndipo penye mvutano nyumbani. Wataalamu wa utafiti wa chai wa Timbilil, Kericho, wamehimiza matawi yaliyokatwa yaachwe shambani: kwanza yafunike kichaka dhidi ya jua hadi machipukizi yatokeze, kisha yaoze na kurutubisha udongo. Lakini matawi hayo ni kuni nzuri, na katika boma lisilo na msitu karibu, ushauri huo si mwepesi kutii.

Dalili huonekana vyema mara baada ya kupogoa: tawi moja hukataa kuchipua huku mengine yakistawi. Juu ya gome hutokea mabaka magumu ya kijivu yanayogeuka meusi, na ndani mbao huwa kavu na nyepesi. Ugonjwa huu usichanganywe na ule wa mizizi uletwao na kuvu ya Armillaria, ambao huua kichaka kizima na kuacha utando mweupe chini ya gome penye shingo ya mzizi. Huo hutokana na visiki vya miti ya msituni, na dawa yake ni kung'oa kichaka pamoja na mizizi yote.

Kwa shina linalooza, hakuna dawa ya kunyunyiza inayoponya mbao iliyokwisha kuliwa. Tawi hukatwa hadi kwenye mbao nzima isiyo na doa, kwa panga kali na kwa mkato wa mshazari ili maji yasituame. Kidonda kikubwa hupakwa dawa yenye shaba. Matawi yenye mabaka, tofauti na yale mazima, hutolewa shambani na kuchomwa. Haya mkulima anaweza kuyapeleka jikoni bila lawama, mradi yasirundikwe kando ya shamba kwa miezi. Upogoaji nao huepushwa na kiangazi cha Januari hadi Machi, ukafanywa katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti.